Ni Nani Mwenye Haki ya Kujua Mahali Tulipo?



Watu wengi wa sharika zetu wanazo sasa simu janja, na wengine wao wametuletea swali. Simu yaweza kutangaza mahali alipo mwenyewe, mchana na usiku, naye pengine hana habari. Je, Mkristo akiizuia isitangaze, afanya vema au afanya vibaya? Wako wasemao ya kuwa Mkristo huenenda nuruni, basi hana cha kuficha; afichaye mahali alipo ana jambo lake gizani. Wako na wengine wasemao kinyume, ya kwamba simu ni jicho la Ibilisi, heri kuitupa. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamejibu upesi mno. Neno hili lataka kutazamwa taratibu, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni kazi yenyewe ya simu, nayo hujifunzwa kama mtu ajifunzavyo kusoma saa. La pili ni haki ya mtu juu ya jirani yake, nalo ni jambo la amri za Mungu.

Na tuanze na kazi ya simu. Wengi hudhani ya kuwa setilaiti zilizoko angani hututazama na kuandika majina yetu. Sivyo. Wamarekani wameweka huko juu setilaiti 30 hivi, zikiizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,000 na zaidi, na mataifa mengine nayo yanazo zao. Kazi yao ni kama kazi ya mpiga mbiu: kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo, pasipo kukoma. Simu husikiliza tu. Ikizisikia 4 au zaidi, hupima muda ambao kila mbiu imekaa njiani, huhesabu umbali, ikajua mahali ilipo, na mara nyingi kosa lake ni la mita chache tu. Setilaiti haina habari kama simu yako iko duniani.

Njia ya pili ni minara. Simu iliyowashwa, yenye laini ndani yake, haina budi kujitambulisha kwa mnara ulio karibu, maana pasipo hivyo mtu akikupigia hatakupata. Basi kampuni ya simu hujua u karibu na mnara gani, wala kuzima alama ya mahali katika mipangilio ya simu hakuzuii jambo hili. Njia ya tatu ni mitandao ya waifai. Simu husikia majina ya mitandao iliyo madukani na maofisini kando ya njia, ikayalinganisha na orodha kubwa iliyokwisha kuandikwa, ikajua ipo mtaa gani.

Basi ni nani atusemaye? Ni simu yenyewe, kwa vinywa vya programu zilizomo. Simu ikiisha kujua mahali ilipo, programu huja kuiuliza, nayo ikiruhusiwa huichukua habari ile na kuipeleka kwa njia ya intaneti mpaka kwa wenye programu. Na ruhusa ile tumeitoa sisi, pengine siku ile tulipogusa neno la kuruhusu kwa haraka, tukitaka kuona tulichotaka kuona. Hapo ndipo mlango ulipo, na ufunguo wake u mkononi mwetu.

Sasa tulitazame jambo la pili, lililo kubwa zaidi. Sisi wa nchi ya Unyanyembe tunapo mahali pa kujifunzia, ndipo Kwihara, karibu na mji wa Tabora, penye tembe la Livingstone. Wengi hulizuru, lakini si wengi wafikirio ya kuwa mambo yaliyopita pale yalihusu neno hili hili: ni nani ajue mtu yuko wapi.

Mwaka 1871 watu wa Ulaya hawakujua kwa hakika kama Dk. Livingstone yu hai au amekufa. Stanley alipofika Kwihara mwaka ule alikuta mfuko wa barua za Livingstone, umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870, nao haujafikishwa kwa mwenyewe. Stanley aliuchukua hata Ujiji, akamkabidhi mkononi mwake. Mwezi wa Februari 1872 wote wawili walikuja Kwihara. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani, na Livingstone akabaki pale akiwangoja wapagazi, hata akaondoka tarehe 25 Agosti mwaka ule ule. Mtu huyu alikuwa amedhoofika, ameishiwa na mali, na habari za kwao hazikumfikia. Nani kwetu atasema ya kuwa ilikuwa vibaya kumtafuta na kumwona? Kwake yeye kujulikana mahali alipo kulikuwa uzima.

Lakini njia ile ile ya misafara ilipitiwa na watu waliotiwa kongwa shingoni na kufungwa minyororo, wakishushwa pwani kuuzwa. Aliyejiita bwana wao naye alitaka sana kujua mahali walipo, mmoja mmoja, kila saa. Mnyororo ni nini, kama si chombo cha kumjulisha bwana mahali alipo mtumwa? Na mtoro aliyekimbilia porini usiku, wokovu wake ulikuwa katika kutojulikana. Mama aliyemficha katika ghala yake, asiwaambie neno waliomwinda, alitenda kazi ya huruma. Haya yote yalitokea katika njia moja na katika miaka ile ile: huyu aliokolewa kwa kuonekana, na yule aliokolewa kwa kutoonekana.

Na tuongeze habari ya tatu. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, watu wake, Susi na Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake, wakauchukua kuuleta pwani. Mwezi wa Oktoba wakafika Unyanyembe. Huko Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike, wakakataa. Walipoendelea mbele, wakafika Kasekera, watu walikataa maiti isipitishwe katika nchi yao. Ndipo wachukuzi wakafunga mabua ya nafaka yawe mfano wa maiti, wakawatuma wenzao kuyarudisha Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika; na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mzigo wa nguo, wakapita nao. Ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili. Wako watakaobishana juu ya hila ile, nasi hatuiweki mbele ya watoto iwe kielelezo. Lakini uaminifu wao hatuwezi kuukana. Walijua ya kuwa wamepewa amana, na ya kuwa habari ya mahali ilipo amana si ya kila aulizaye.

Basi wema na ubaya hauko katika kuonekana, wala hauko katika kufichwa. Hutegemea ni nani atafutaye, na atafutia nini.

Maandiko Matakatifu yatufundisha vivyo hivyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya pili, twamsoma Herode alivyowaita mamajusi kwa siri, akawaagiza wamletee habari ya mahali alipo mtoto. Tena alitoa sababu njema sana: alisema yeye naye ataka kumsujudia. Hakuna neno lililo tamu kuliko hilo, na chini yake palikuwa na upanga. Mamajusi wakaonywa katika ndoto, wakarudi kwao kwa njia nyingine, asipate Herode kujua. Na Yusufu akamchukua mtoto na mama yake usiku, wakaenda Misri. Ikiwa Mwokozi wetu mwenyewe alifichwa asijulikane mahali alipo, nani atasema ya kuwa kila afichaye mahali alipo ni mtu wa giza? Lakini katika Injili ya Luka, sura ya kumi na tano, twamwona mchungaji atafutaye kondoo mmoja aliyepotea. Yeye hatafuti kwa faida ya upanga. Akiisha kumwona, humchukua mabegani mwake. Herode na mchungaji wote wawili huuliza swali moja, Yuko wapi? Mkristo na ajifunze kuzitambua sauti zao.

Hata katika habari za Kanisa letu neno hili limo. Mwaka 1521, baada ya mkutano wa Worms, Martin Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg kwa shauri la mtawala wake, hata mwanzo wa mwaka 1522. Alifuga ndevu, akavaa mavazi ya askari wa kiungwana, na katika barua zake hakuitaja ngome ile, bali aliandika kana kwamba yuko kisiwani Patmo. Akiwa humo akaifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Kama waliomwinda wangalijua mahali alipo, labda kazi ile isingalikuwapo.

Lakini ndugu mmoja atatujibu: Mungu hutuona popote, naye aliyezoea kuonwa na Mungu, kwa nini aogope kuonwa na mwanadamu? Neno hili lina sura ya utauwa, lakini ndani yake mna kosa. Ni kweli, Zaburi ya 139 yatufundisha ya kuwa hatuwezi kwenda mahali ambapo Mungu hayupo. Yona alijaribu, akashindwa. Hajiri alipokimbia jangwani alionekana na Mungu, na kuonekana kule kukawa faraja yake. Lakini tuangalie namna Mungu aonavyo. Huona mahali petu pamoja na mioyo yetu. Ajua tumekwenda wapi na kwa nini tumekwenda. Tena yeye aonaye ndiye aliyetufia na kutusamehe. Simu haioni hivyo. Huona alama juu ya ramani, basi.

Tazama mifano. Alama yaonyesha ya kuwa mwinjilisti alikaa saa mbili mlangoni pa kilabu cha pombe. Mke wake aiona, jirani aiona, na kesho usharika wote wanena. Lakini alikuwa akimngoja ndugu yake amwongoze nyumbani asilale barabarani. Alama yaonyesha ya kuwa binti alikwenda hospitali mara tatu mwezi huu, na watu wakajua la kusema. Naye alikuwa akimpelekea shangazi yake chakula. Alama haikusema uongo. Lakini habari ya mahali isiyo na habari ya moyo huwa shahidi wa nusu, na shahidi wa nusu huzaa ushuhuda wa uongo kwa urahisi sana. Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha ya kuwa amri ya nane haituzuii kusema uongo tu, bali yatutaka kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Afuataye nyayo za mwenziwe kwa siri amekwisha kuanza kuyafasiri kwa ubaya. Basi kujua yote ni kazi ya Mungu. Mwanadamu akiitwaa bila upendo wa Mungu na bila ujuzi wa Mungu, amejikalisha katika kiti kisicho chake.

Basi tufanyeje? Sisi twaona maswali matatu yatosha kupimia neno hili. Je, anayefuatwa ajua ya kuwa anafuatwa? Je, faida ni yake yeye, au ni ya amfuataye? Je, aweza kusema, Sasa basi, na asikiwe?

Tulipime neno la mabasi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iitwayo LATRA, imeagiza mabasi ya safari za mikoani yafungwe chombo cha kuonyesha mahali yalipo na mwendo wake. Dereva ajua ya kuwa kimo. Faida yake ni roho za abiria, na ya dereva mwenyewe pia. Nacho hufuata basi barabarani. Hakimfuati dereva nyumbani kwake. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kulalamika. Bwana wa kazi amwambiaye kijana wake wa pikipiki, "Mzigo huu nitaufuata kwa simu hata ufike," naye asema haki. Lakini akiendelea kumfuata siku ya Jumapili, amepita mpaka.

Tulipime neno la wazazi. Mtoto mdogo hushikwa mkono akivuka barabara, naye hadhulumiwi. Mzazi akitaka kujua mahali ilipo simu ya mtoto wake, na amwambie waziwazi, amweleze na sababu. Na kwa kadiri mtoto akuavyo, mkono na ulegee. Kijana aliyefuatwa kwa siri mpaka siku ya kuoa hajafundishwa uaminifu. Amefundishwa kuacha simu nyumbani.

Neno la mume na mke ni zito zaidi. Wakipatana wenyewe kuonyeshana mahali walipo, kwa ajili ya usalama wa njiani, ni shauri jema. Lakini wako waume, na wake pia, watiao programu kwa siri katika simu ya mwenzi wao, au wajuao nywila ya akaunti yake na kuitazama kila saa, wakidhani ya kuwa wanailinda ndoa. Katika amri ya sita Mungu atuagiza tupendane na kuheshimiana. Imani iliyopasuka haishonwi kwa simu. Huyu atafutaye kosa kila siku ataliona, hata lisipokuwapo.

Na hapa tunataka wazee wa kanisa na wainjilisti watusikilize kwa makini. Hutokea ya kuwa mwanamke aliyepigwa nyumbani amekimbia na watoto wake, akakaa kwa ndugu au rafiki. Mume huja kwa mzee wa kanisa akilia, asema, Nionyeshe mahali alipo, nataka kwenda kumwomba msamaha. Pengine asema kweli. Lakini Herode naye alisema ataka kusujudu. Mzee hana haki ya kuitoa habari ile, hata kwa machozi, mpaka mwanamke mwenyewe amekubali. Kama mume ametubu kweli, na apeleke neno lake kwa mkono wa mchungaji, angoje jibu. Toba ya kweli hujua kungoja. Tena mwanamke yule na asaidiwe katika simu yake. Kama mume ajua nywila ya akaunti yake, aweza kuiona simu ilipo kwa njia ile ile itumiwayo kutafuta simu iliyoibiwa. Basi nywila na ibadilishwe kwa simu nyingine iliyo salama, na kila mahali alipokuwa akimwonyesha mwenzi wake mahali alipo pafungwe. Akihofu ya kuwa ndani ya simu mmetiwa programu ya siri, heri aiache kwanza, atafute simu nyingine. Jambo hili dogo laweza kuokoa roho ya mtu, na amri ya tano yatudai tuiokoe.

Tulipime na neno la wafanyaji biashara. Ziko programu za mikopo ziombazo kujua mahali alipo mkopaji, na majina yote ya watu aliowaandika katika simu yake, hata akichelewa kulipa aibishwe mbele yao. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mtu mwenye shida ya ada ya shule hatazami aliloruhusu. Ndiyo maana yafaa kumfundisha kabla shida haijaja. Wala tusidhani ya kuwa kampuni kubwa hazina la kuulizwa. Mwaka 2018 ilijulikana ya kuwa Google iliendelea kuhifadhi habari za mahali pa watu waliokuwa wamekwisha kuzima historia ya mahali, kwa kuwa palikuwa na swichi nyingine iliyobaki wazi. Mwezi wa Novemba 2022 ikakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 katika shauri lile. Twajifunza ya kuwa kufunga mlango mmoja si kufunga nyumba.

Serikali yetu nayo imelitazama neno hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania yalinda faragha ya mtu, na nyumba yake, na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume iliyowekwa kuisimamia, ambayo mtu aliyedhulumiwa aweza kuipelekea malalamiko yake. Sheria hii yataka habari za mtu zichukuliwe kwa sababu iliyo halali na iliyotajwa. Mkristo asione haya kuitumia haki hiyo, kama Paulo asivyoona haya kuutumia uraia wake wa Kirumi.

Sasa tuonyeshe kazi ya mikono, ili mwalimu wa dini aweze kumsaidia bibi yake na jirani yake. Katika simu za Android, fungua mipangilio, utafute neno la mahali. Katika iPhone, tazama sehemu ya faragha na usalama. Hapo utaona orodha ya programu zote zilizoomba kujua mahali ulipo. Kwa kila moja simu huweka mbele yako hiari hizi: iruhusiwe wakati wote, au wakati itumikapo tu, au iulize kila mara, au isiruhusiwe kamwe. Programu ya ramani na iruhusiwe itumikapo tu. Programu ya tochi, ya michezo, au ya kusomea nyimbo haina sababu ya kujua ulipo, ikatazwe. Ile isemayo wakati wote ni ya kutolewa kwa uangalifu mkubwa, kama mtu ampavyo mwenziwe ufunguo wa nyumba. Tena simu mpya huuliza kama programu ipewe mahali penyewe hasa au mahali pa kukadiria. Ikuonyeshayo hali ya mvua, kukadiria kwaitosha.

Katika WhatsApp mtu aweza kumwonyesha mwenziwe mahali alipo kwa dakika 15, au saa 1, au saa 8, kisha alama hujizima. Namna hii ni nzuri, maana ina mwisho. Asafiriye usiku kutoka Tabora kwenda Kigoma na amwonyeshe ndugu yake, kisha akifika na aikomeshe. Ukiwa na akaunti ya Google, itazame historia ya mahali na uifute kama huihitaji, utazame na kumbukumbu za shughuli zako za wavuti na programu. Kamera nayo huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Basi kabla ya kueneza picha za wagonjwa na yatima tuliowazuru, tuizime alama ile, na kwanza tuwaombe ruhusa wenyewe. Wala usisahau ya kuwa huduma ya kutafuta simu iliyopotea yahitaji kujua mahali ilipo. Mwenye kufunga yote na ajue amelifunga na hilo.

Tena tukumbuke ya kuwa mahali pangu si pangu peke yangu. Mwezi wa Januari 2018 watu waligundua ya kuwa ramani ya programu iitwayo Strava, itumiwayo na wakimbiao mbio za mazoezi, ilikuwa imeonyesha njia za askari ndani ya kambi zao katika nchi za vita. Kila askari aliandika mbio zake tu, lakini kwa pamoja waliifunua kambi. Vivyo hivyo mchungaji azuruye nyumba ya mtu anayetaka kuungama kwa siri, simu yake ikitangaza mahali alipo, imemtangaza na yule. Katika ziara kama hizo simu na izimwe, au iachwe nyumbani. Siri ya maungamo ni ya kale kuliko simu, na simu haina mamlaka ya kuitangua.

Ndugu wapenzi, twamalizia kwa neno hili. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya tatu, Adamu alipojificha kati ya miti ya bustani, Mungu alimwita akamwuliza yuko wapi. Mungu hakuuliza kwa kutojua. Aliyeiumba miti ile alijua Adamu yuko nyuma ya mti gani. Hata hivyo aliuliza, ili Adamu apate kujibu kwa kinywa chake mwenyewe na kutoka kwa miguu yake mwenyewe. Basi ikiwa yeye ajuaye yote alimpa mwanadamu heshima ya kuulizwa, sisi tusiojua kitu twapataje ujasiri wa kumfuata mwenzetu pasipo kumwuliza? Usiku huu, kabla ya sala ya jioni, na afungue kila mmoja simu yake, atazame ni nani amempa ruhusa ya kujua mahali alipo, na kama ni mchungaji au ni Herode. Kisha aulize moyo wake, ni nani yeye mwenyewe amfuataye bila kumwuliza. Na akiisha, na amwite mtu huyo kwa jina, amwulize kwa upole. Na akijibiwa, aamini.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote.